Kuinua na kuimarisha Land Cruiser ya springi za majani kwa fedha kidogo

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Land Cruiser ya modeli ya 75, iwe pikapu au hadtopu ndefu, ambaye gari lake limeanza kulala nyuma na kuburuza tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, na ambaye hana uwezo wa kuagiza seti nzima ya springi na shokapu kutoka nje. Magari hayo yalianza kutengenezwa mwaka 1984 na yakaendelea hadi mwaka 1999, yalipopokewa na modeli za 78 na 79 ambazo mbele zina springi za koili. Kwa miaka mingi yamebeba wagonjwa, mabomba ya visima na watalii katika nchi zetu, na mengi yanayouzwa sasa kwa watu binafsi yamekwisha kufanya kazi ya magari mawili. Yana springi za majani mbele na nyuma pamoja na ekseli nzima isiyokatika katikati, kwa hiyo karibu kila kazi iliyoelezwa hapa inawezekana katika gereji ya kawaida yenye jeki nzuri, mashine ya kuchomelea na fundi asiye na haraka. Mwenye Land Rover 109 au Suzuki Samurai anaweza kufuata utaratibu huu huu, kwa kuwa magari hayo nayo yamejengwa juu ya majani pande zote nne.

Msimamo wangu niuseme mapema: kama fedha ni kidogo, inua gari sentimita 5 na usizidi hapo, na kabla ya kuinua hata sentimita moja, rudisha kwanza kile kilichochakaa. Kila sentimita unayoiongeza inaubana usukani, inakunja propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye ekseli), inavuta mipira ya breki na kupandisha uzito juu. Katika sentimita 5 za mwanzo matatizo hayo yanatibika kwa vifaa vya bei ya chini. Ukifika 8 au 10, utalazimika kurekebisha propela, mikono ya usukani na pengine vikalio vya springi, na hapo ndipo watu wengi huishiwa fedha wakiwa wamebaki na gari refu lisiloshika njia.

Ni vizuri pia kuelewa kwamba kuinua kwa springi hakuinui difu, yaani lile boksi la gia lililo kwenye ekseli. Springi hukaa kati ya ekseli na chasisi, hivyo kinachopanda ni chasisi, mwili, giaboksi na tangi, ilhali lile tufe la difu linabaki pale pale lilipokuwa juu ya ardhi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Tairi la 7.50R16 ambalo magari haya huja nalo lina kipenyo cha karibu milimita 805, na la 285/75R16 lina karibu milimita 834, kwa hiyo mabadiliko hayo yote ya gharama yanakupa milimita 15 tu chini ya difu.

Anza kwa kupima

Peleka gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, jaza tangi, weka upepo sawa katika matairi yote, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi katika kila gurudumu na uandike namba nne kwenye karatasi. Usiruke hatua hii, kwa sababu springi zilizochoka hudanganya macho. Gari langu mwenyewe lilionekana limesimama sawa hadi nilipolipima, nikakuta kona ya dereva mbele iko chini kwa milimita 18 kuliko ya abiria. Tulipoifungua springi ile tukakuta jani la tatu limekatika katikati, hasa kwenye tundu la bolti ya kati, mahali ambapo bolti za U na bamba lake zilikuwa zimelificha ufa kabisa. Jani lililovunjika hapo halianguki. Hukaa mahali pake likiwa limebanwa, huku wenzake wakibeba mzigo wake mwaka mzima. Kama ningeongeza jani juu ya hali ile, ningekuwa nimefunga kidonda bila kukisafisha.

Mara nyingi vipimo vitakuonyesha kwamba sehemu kubwa ya urefu unaoutafuta ni urefu uliokuwapo gari likiwa jipya. Springi za nyuma zilizobeba mizigo kwa miaka mingi huweza kuwa zimepoteza sentimita 3, na kuzirudisha tu katika upinde wake wa awali ni zaidi ya nusu ya safari.

Baada ya hapo pima uzito. Tafuta mizani ya wanunuzi wa mazao au ya vyuma chakavu, uende ukiwa na mzigo unaoubeba kwa kawaida, yaani watu, maji, vyombo na tairi la akiba, kisha upime magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Springi huchaguliwa kwa uzito inaoubeba kila siku, na mtu anayefunga springi za tani moja katika gari linalotembea tupu atapata gari linaloruka kila shimo, linalopoteza mshiko wa tairi na kupasua chasisi mahali ambapo springi laini ingemeza pigo.

Kagua chasisi kabla ya kitu kingine

Osha chasisi kwa maji ya nguvu, kisha sugua kwa brashi ya waya maeneo manne: pale boksi la usukani lilipofungwa, kwenye vikalio vya springi vya mbele na nyuma, kwenye vishikio vya juu vya shokapu za nyuma, na pale mihimili ya kukata inapokutana na mihimili mirefu. Gonga kwa nyundo ndogo taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, na kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu kama ya mbao mbovu.

Nyufa nyembamba hazionekani kwa macho, lakini kuna njia ya zamani inayogharimu mafuta ya taa kikombe kimoja na kipande cha chaki. Paka mafuta ya taa mahali unapopatilia shaka, acha nusu saa yapenye, kisha futa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki iwe unga laini, upake juu yake kwa brashi kavu, halafu mtu mmoja atikise gari au agonge karibu na hapo kwa nyundo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachuruzika na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya weupe wa chaki, na utaona hata pale mstari unapoishia. Niliwahi kuona mstari wa namna hiyo ukizunguka bolti mbili za boksi la usukani katika gari ambalo mmiliki wake alikuwa amelileta kwa ajili ya kubadilisha bushi (vile vikombe vya mpira vinavyokaa ndani ya macho ya springi) tu, akidhani mchezo wa usukani unatoka huko.

Springi: kukunja upya, kuongeza jani, au kununua

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni kukunja upya majani yaliyopo. Kuna namna mbili za kuifanya, na tofauti yake ni kubwa mno. Namna iliyo salama ni ya baridi: jani hulazwa juu ya nguzo mbili fupi na kukandamizwa kwa mashine, au kupigwa kwa nyundo kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ncha, mpaka upinde urudi. Namna ya pili ni kulitia jani katika makaa mpaka liwe jekundu, kulikunja, na kulizamisha katika maji au oili. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa katika joto linalopimwa, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Makaa yasiyopimwa hukiacha ama laini kama chuma cha dirisha ama kigumu kama kioo. Springi zangu za kwanza zilipita kwenye makaa. Zilipendeza kwa miezi mitatu, kisha za nyuma zikalala chini kuliko zilivyokuwa mwanzo, na jani moja la mbele likakatika kwa mlio mkali nikiwa ninashuka korongo. Tangu siku hiyo sikubali moto kwenye springi kwa sababu yoyote ile, iwe kukunja, kuchomelea au kukatia bolti karibu nayo.

Springi zilizokunjwa kwa baridi hulala kidogo katika wiki za mwanzo, kwa hiyo mwambie fundi aongeze upinde wa sentimita 1 zaidi ya kile unachokitaka. Hakikisha pia kwamba kila jani limekunjwa kwa kiasi chake. Yakilazwa pamoja bila kubanwa, majani mafupi yanatakiwa yawe na upinde mkali kidogo kuliko marefu, ili bolti ya kati ikikazwa ncha zake zilalie vizuri jani lililo juu yake.

Njia ya pili ni kuongeza jani. Inafanya kazi vizuri ikiwa utaheshimu unene. Ugumu wa jani huongezeka kwa mchemraba wa unene wake, maana yake jani la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu ya jani la milimita 7 lenye upana na urefu sawa. Ndiyo sababu jani nene la lori lililokatwa likapachikwa katika springi ya Land Cruiser huinua gari kwa siku chache na kuharibu kila kitu baadaye: lenyewe linakataa kupinda, majani mengine yanapinda, na mkazo wote hukusanyika kwenye ncha ya jani hilo nene mpaka lile la juu lenye macho, yaani ncha zilizokunjwa kuwa matundu ya kupitisha pini, likatike. Tafuta jani lenye upana ule ule na unene sawa au pungufu kidogo, kutoka katika springi iliyotumika lakini isiyo na ufa, na liwe refu. Lipange la pili au la tatu kutoka juu. Jani refu jembamba huinua na kusaidia lile lenye macho, ilhali fupi nene likiwekwa chini kabisa hulisumbua.

Njia ya tatu ni kununua seti mpya ya nyuma tu, na kukunja upya za mbele. Kwa maoni yangu hii ndiyo matumizi bora ya fedha kwa gari linalobeba mizigo, kwa sababu springi za nyuma ndizo huchoka zaidi, na seti ya springi mbili ni nusu ya gharama ya nne.

Yapo mambo mawili ninayoyakataa. La kwanza ni kuweka vipande vinene vya chuma au mbao vya kuinulia gari kati ya springi na ekseli ya mbele. Breki zinapofungwa kwa nguvu ekseli hujaribu kujizungusha, na kipande hicho huwa mkono unaoongeza nguvu ya kuzungusha. La pili ni shakeli ndefu kupita kiasi. Shakeli ni vile vibao viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya springi inayocheza, na kwa kuwa ziko upande mmoja tu wa springi, kuzirefusha kwa sentimita 5 hukupa sentimita 2.5 pekee za urefu, huku zikiinamisha ekseli. Kama shakeli za mbele ziko upande wa mbele wa springi, kuzirefusha huegemeza vifundo vya usukani (viungo vya ekseli ya mbele vinavyogeuza magurudumu) mbele na kupunguza kasta, yaani ule mwelekeo wa kurudi nyuma unaoufanya usukani ujirudi wenyewe katikati baada ya kona. Gari lililopoteza kasta hutangatanga barabarani, na dereva hulishika kwa mikono miwili saa nzima bila kujua kilichobadilika.

Wakati springi ziko mezani, sugua kutu katikati ya majani, yapake rangi nyembamba ya kuzuia kutu, na upake grisi yenye grafaiti kwenye ncha tu, pale zinaposuguana. Anayepaka grisi jani zima katika nchi ya vumbi anatengeneza msasa. Nunua bolti ya kati mpya, ya daraja la ugumu 8.8 au zaidi, na kumbuka kuwa jani likiongezeka bolti hiyo ni lazima iwe ndefu zaidi. Bolti za U nazo ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kunyooka na haziwezi kushika mkazo kama mwanzo.

Kuhusu bushi, za mpira halisi ndizo tulivu zaidi. Zile za naironi anazochonga fundi wa kukereza vyuma ni nafuu na hudumu, ila hupitisha kelele, na ni lazima ziwe na mfereji wa grisi, la sivyo zitalia na kula pini. Zile zinazokatwa kutoka katika tairi la lori nazikubali kama matakia kati ya mwili na chasisi, mahali ambapo mzigo hukandamiza tu, lakini katika jicho la springi, ambako kuna kujisokota, nyuzi zake hukatika mapema.

Kufunga

Siku moja kabla, nyunyizia bolti zote mchanganyiko wa dizeli na oili nyembamba ili kutu ilegee. Fanya ekseli moja kwanza uimalize, ndipo uende nyingine. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa kabari mbele na nyuma, inua gari, na uweke stendi za chuma chini ya chasisi, si chini ya bampa wala juu ya mawe na matofali. Tofali hupasuka bila onyo, na gari hili likiwa tupu lina karibu tani 2. Weka jeki ya pili chini ya difu ibebe ekseli, fungua shokapu, fungua kishikio cha mpira wa breki, na baada ya hapo ndipo uzifungue bolti za U. Usiiache ekseli ining'inie kwenye mpira wa breki hata kwa dakika moja.

Springi ikirudi mahali pake, hakikisha kichwa cha bolti ya kati kimeingia kikamilifu kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Kaza bolti za U kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Asiye na spana ya kipimo anaweza kuazima, au kutumia hesabu: uzito wa kilo 25 ukining'inizwa kwenye spana iliyolala sawa na ardhi, nusu mita kutoka kwenye nati, unatoa karibu niutoni-mita 123, na kutoka hapo utapata kiwango chochote kwa kubadilisha uzito au umbali.

Pini za springi na za shakeli zenye bushi za mpira usizikaze mwisho gari likiwa juu ya stendi. Zishike kwa mkono tu, shusha gari chini, litikise mara kadhaa, ndipo uzikaze likiwa limebeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa hewani, mpira utakuwa umesokotwa wakati wote gari likisimama kawaida, na utachanika mapema.

Yanayofuata baada ya kuinua

Shokapu za zamani sasa ni fupi. Usinunue kwa kukisia: pima umbali kati ya vishikio viwili ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho wa springi, kisha pima ekseli ikiwa imepanda hadi kugusa mpira wa kugongea. Shokapu inayofaa ikivutwa yote iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza, na ikikandamizwa yote iwe fupi kuliko cha pili kwa milimita 20 au zaidi. Shokapu inayofika mwisho kabla ya springi hugeuka kuwa kizuizi, na hapo hung'oa kishikio chake kwenye chasisi.

Mipira ya breki ni jambo la uhai. Ekseli ikiwa imening'inia kabisa na magurudumu ya mbele yamekatwa kona hadi mwisho, kila mpira unapaswa kubaki na ulegevu unaoonekana. Ukivutika, nunua mrefu zaidi, na usijaribu kukunjua bomba la chuma ili kuiba sentimita. Kama gari lako lina vali ya kugawa nguvu ya breki, ile yenye fimbo iliyoungwa kwenye ekseli ya nyuma, elewa kwamba vali hiyo hutambua mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiinuliwa inadhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Tibu kwa kuinua kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua gari.

Mrija wa kupumulia wa difu uurefushe hadi ndani ya chumba cha injini. Ni mita chache za mpira wa bei ndogo, na bila huo, difu yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kufyonza maji kupitia sili.

Propela nayo sasa imeinama zaidi. Kaza macho kwenye krosi zake, yaani viungo vyake vinavyopinda, zitie grisi zote, na usogeze sehemu inayoteleza uone bado imeingia vya kutosha gari likining'inia. Ukisikia mtetemo mpya katika mwendo fulani, linganisha pembe ya giaboksi na ya difu, zinatakiwa zilingane. Kabari za chuma za nyuzi 2 hadi 4 zinazowekwa kati ya springi na kikalio hurekebisha pembe hiyo nyuma, na mbele hutumika kurudisha kasta. Ila kwa ekseli ya mbele kuna kupata na kupoteza, kwani kuirudisha nyuma kasta huinamisha pua ya difu chini na kuongeza mkunjo wa propela. Nyuzi 2 kwa kawaida zinatosha kwa sentimita 5. Kabari ziwe za chuma, maana za aluminiamu husagika na kuzilegeza bolti za U.

Mwisho, nyoosha usukani upya kwa kurekebisha urefu wa mkono unaotoka kwenye boksi la usukani, kwa sababu ekseli iliyoshuka huuvuta na kuugeuza usukani kidogo hata magurudumu yakiwa yamenyooka.

Kuimarisha

Kama chaki ilikuonyesha ufa, usipitishe tu moto juu yake. Toboa tundu la milimita 5 mwisho wa ufa ili usiendelee, chimba ufa wote kwa grainda uwe na umbo la V, ujaze kwa kuchomelea, usawazishe, kisha weka kiraka juu yake. Bamba la kiraka lisizidi unene wa chasisi yenyewe, na ncha zake zikatwe kwa mshazari au kama mdomo wa samaki. Kiraka chenye ncha zilizonyooka hutengeneza mstari wa kuchomelea unaokata muhimili kwa wima, na miezi sita baadaye ufa mpya hutokea hapo hapo, pembeni ya kiraka. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomelee kwa kukatiza sehemu ya juu wala ya chini ya muhimili, ambako mkazo ni mkubwa kuliko popote.

Elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za 7018 hushika vizuri kuliko za kawaida, lakini ni sharti ziwe kavu kabisa. Zilizokaa wazi dukani wakati wa masika hutoa matundu ndani ya weldi yasiyoonekana kwa nje. Kabla ya kuwasha, ondoa nyaya za betri na za alteneta, sogeza mabomba ya mafuta na ya breki, na ufunge waya wa ardhi karibu sana na unapochomelea, kwenye chasisi yenyewe. Ukiufunga kwenye ekseli, umeme utapita katika beringi na kuzichoma.

Mahali pa kwanza pa kuimarisha, hata kama hapajapasuka, ni pale kwenye boksi la usukani: bamba la milimita 4 upande wa ndani, na vipande vya bomba nene kupita ndani ya muhimili kwenye kila tundu la bolti, ili bolti zikikazwa zisiukandamize muhimili uliokuwa mtupu. Pa pili ni vishikio vya shokapu za nyuma. Bampa kubwa za chuma na winchi nashauri zisubiri, maana kila kilo inayokaa mbele ya ekseli hula urefu ulioutafuta.

Vifundo vya usukani vya mbele ni uimarishaji ambao watu huuruka kwa kuwa hauonekani. Vifungue, osha grisi iliyogeuka uji mweusi, badilisha sili na beringi za juu na chini, na ufunge kwa mkazo unaotakiwa. Mkazo huo hupimwa kwa mizani ya ndoano, ile ile ya kupimia nyama: unaifunga kwenye tundu la mkono wa usukani, unavuta polepole, na kusoma kilo zinazohitajika kukigeuza kifundo, kisha unalinganisha na kitabu. Kikiwa chepesi mno, usukani utatetemeka vibaya kwenye barabara ya changarawe yenye matuta madogo madogo, na hakuna shokapu itakayoutuliza.

Kwa matairi nina neno fupi tu. Baki na 7.50R16 au 235/85R16, ambazo zinakaribiana sana kwa kipenyo, ni nyembamba, na hukata tope kufikia udongo mgumu. Ukilazimika kwenda 285/75R16, kumbuka kwamba spidomita ikisoma 80 utakuwa unakwenda 83, na beringi za habu zitabeba zaidi.

Kujaribu

Kabla ya safari yoyote, panda gurudumu moja la mbele juu ya kichuguu au ukingo wa mtaro mpaka gurudumu la pili likaribie kuachia ardhi, zima injini, funga breki ya mkono, uweke kabari, kisha uzunguke gari lote ukitazama mipira ya breki, shokapu, propela na nafasi kati ya tairi na madigadi. Rudia kwa kila kona. Funga uzi wa mpira kwa kukaza kwenye fimbo ya kila shokapu, sehemu inayong'aa. Ukirudi kutoka kwenye njia mbaya, uzi utakuwa umesukumwa na kubaki pale fimbo ilipofikia mwisho wa kuingia, nawe utajua kama kona fulani inagonga.

Jaribu breki mahali pasipo na magari, kwanza kwa mwendo wa 20, kisha 40, kisha 60, ukiangalia kama gari linavuta upande. Kwenye kona nenda taratibu kuliko ulivyozoea kwa wiki kadhaa, hasa ukiwa na mzigo juu ya keria, kwa sababu kitovu cha uzito kimepanda na mwili wako bado unakumbuka gari la zamani. Piga simu pia kwa kampuni ya bima yako uwaeleze mabadiliko uliyofanya, na upate jibu lao kwa maandishi.

Kila nati uliyoigusa ipigie mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye nati kuvuka hadi kwenye bolti au bamba. Kaza tena bolti za U baada ya kilomita 100, kwa kuwa rangi na kutu iliyobaki kati ya majani husagika na kuziacha zikilegea, na upige mstari mpya. Rudia baada ya kilomita 500. Ukikuta mstari umekatika mara ya pili mahali pale pale, fungua springi hiyo na uangalie kikalio na bolti ya kati kabla hujakaza tena.